Zanzibar hadi Muscat ni Kilomita Ngapi, na Ndege Inatumia Masaa Mangapi?

Kama una ndugu Oman, au ni wewe mwenyewe unayejiandaa kwenda kwa mara ya kwanza, lazima swali hili limeshakupitia. Jibu la haraka: kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume (ZNZ) hadi Muscat (MCT), au Maskati kama wanavyoiita wazee wetu, ni kama kilomita 3,900 za angani. Ndege isiyotua popote njiani inatumia masaa matano na kitu.

Hesabu yake si ngumu. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia juu inakwenda karibu kilomita 850 kwa saa. Gawanya, utapata masaa manne na nusu hivi, kisha ongeza muda wa kupaa, kushuka na kutafuta maegesho. Kwa kulinganisha, Unguja hadi Dar kwa ndege ni kilomita 73 tu. Yaani Muscat ni Dar mara hamsini na zaidi!

Majahazi ya zamani yalisubiri upepo wa kusi ndiyo yapandishe kuelekea Uarabuni, na safari ilichukua wiki kadhaa. Seyyid Said bin Sultan mwenyewe alifia baharini mwaka 1856, akitoka Muscat kurudi Unguja.

Sasa tuje kwenye pesa, maana wengi hununua tiketi ya kuunganisha kwa sababu ni nafuu. Chukua mfano wa kupitia Addis Ababa: Zanzibar hadi Addis ni kama kilomita 1,690, na Addis hadi Muscat ni kama 2,630. Jumla 4,320. Umezidisha kilomita 420 tu, ambazo angani ni nusu saa. Kinachokula muda ni kukaa uwanjani. Kuna tiketi itakayokusubirisha masaa mawili, na nyingine itakulaza kwenye kiti usiku mzima. Kwa hiyo kabla hujalipa, usiangalie bei peke yake, angalia na muda wote wa safari. Ukiwa na mtoto mdogo, tofauti ya bei wakati mwingine haifai hayo mateso.

Halafu kuna saa. Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Ukiondoka Unguja saa 10 jioni na kuruka masaa matano, saa yako itasema saa 3 usiku, lakini wanaokupokea wako saa 4. Wakati wa kurudi unairudishiwa saa yako, ndiyo maana kwenye tiketi safari ya kurudi inaonekana fupi.

Kinachowaponza watu hasa ni tarehe. Tiketi huhesabu siku mpya kuanzia saa 6 usiku, wala haijui saa zetu za Kiswahili. Ukiona imeandikwa Ijumaa 01:30, hiyo ni saa 7 na nusu, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Ukienda Ijumaa usiku, ndege ilishaondoka jana yake. Kwa tiketi hiyo, unatakiwa uwe umefika Kiembesamaki na mizigo yako Alhamisi saa 4 na nusu usiku, masaa matatu kabla.