Muundi na Ardhi: Historia ya Mwendo na Mbio Kuzunguka Mlima Kenya

Muundi ni mfupa wa mbele ya mguu, kuanzia chini ya goti hadi kwenye kifundo. Upande wake wa ndani hauna nyama ya kuukinga, na ngozi imelala juu ya mfupa wenyewe. Maumivu yanayoletwa na kutembea au kukimbia hukaa hasa hapo, kwenye ukingo wa ndani, sehemu ya kati na ya chini. Chanzo chake ni marudio. Kila hatua huupinda mfupa kidogo mno, huku misuli ya shavu la mguu ikivuta utando unaoufunika. Mfupa hujijenga upya baada ya kazi, ila hujijenga polepole. Mzigo ukiongezeka haraka kuliko ujenzi huo, uchungu huanza. Ndiyo maana historia ya maumivu haya ni historia ya mzigo, muda na ardhi, na katika nchi ya Nyeri na miji iliyouzunguka Mlima Kenya mambo hayo yamegeuka mara kadhaa.

Kabla ya barabara, safari za Nyeri zilifuata migongo ya vilima inayotengwa na mito kama Chania, Gura na Thagana. Kwenda sokoni kulimaanisha kushuka mtoni na kupanda tena ng'ambo. Mteremko una adhabu yake: msuli wa mbele ya muundi hulazimika kuuzuia wayo usipige chini kwa kishindo, hatua baada ya hatua. Lakini watu walikuwa na kinga mbili. Njia zilikuwa za udongo, na mzigo ulianza utotoni. Mtoto alichunga mbuzi, akateka maji kwa kibuyu kidogo, na miaka ilipopita akabeba kuni kwa mkanda uliopitishwa kichwani. Mifupa ilikua pamoja na kazi.

Utaratibu huo ulivunjwa na misafara ya wageni. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian cha Mlima Kenya, chenye mita 5,199, akitegemea wapagazi waliotembea na mizigo yake kutoka Nairobi. Mwaka 1902 Waingereza walianzisha kituo cha Nyeri. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, wanaume wa Nyeri na wilaya jirani walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na uandikishaji ulifikia kilele mwaka 1917. Kikosi hicho cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, ndicho kilichoacha majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, na uchovu wa miguu yao haukupata mwandishi. Ulaya, madhara ya mwendo kwa miguu yalikuwa yameanza kuandikwa: mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza uvimbe wa nyayo za askari waliotembezwa mno, na mwaka 1897 eksirei zikaonyesha kuwa mifupa ya nyayo hizo ilikuwa imepasuka.

Kuruta ndiye mgonjwa wa kawaida wa muundi duniani kote, na Nyeri ina makuruta wengi kupitia Chuo cha Polisi cha Kiganjo. Kijana anayeingia chuo cha namna hiyo hutoka nyumbani na viatu vyepesi, akavishwa buti, na siku zilezile akaanza gwaride kwenye uwanja mgumu, kisigino kikigongwa chini kwa amri. Hapo Kiganjo ndipo mkimbiaji Kipchoge Keino alipokuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Mwaka 1965 alivunja rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000, na mwaka 1968 akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Mexico.

Kutoka miaka ya 1980, kitovu cha mazoezi makali kilikuwa Embu, katika Chuo cha Ualimu cha Kigari, ambapo timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi chini ya kocha Mike Kosgei. Wanariadha walikimbia hadi mara tatu kwa siku, kwenye barabara za udongo na vilima vikali. Kuanzia 1986 hadi 2003 wanaume wa Kenya walishinda taji la timu la dunia mara 18 mfululizo. John Ngugi wa Nyahururu alilibeba taji la mtu binafsi mara tano. Kambi ya namna hiyo ni mtihani wa muundi: aliyefika akiwa amezoea maili nyingi mguu wake ulistahimili, na aliyefika bila msingi alikuwa hatarini kuumia katika wiki za kwanza.

Baadaye fedha na heshima zilihamia marathoni, na marathoni hukimbiwa kwenye lami. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga katika Nyeri na askari magereza, alikimbia Chicago mwaka 2001 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, rekodi ya dunia ya wakati huo. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikwenda Japani akiwa mwanafunzi mwaka 2002, katika nchi ambako mbio za kupokezana hukimbiwa barabarani, na mwaka 2008 akatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing. Nyumbani pia lami imeenea, na anayeanza mazoezi mjini leo hukanyaga ardhi ngumu tangu siku ya kwanza.

Utambuzi wa maumivu haya huanza kwa kidole gumba. Kikipitishwa polepole kwenye ukingo wa ndani wa muundi, uchungu uliotandaa kwa upana wa vidole vitatu au zaidi huashiria utando uliochoshwa. Uchungu mkali wa sehemu moja, usioisha hata usiku, huashiria ufa katika mfupa na huhitaji hospitali. Ganzi ya wayo, au shavu la mguu kukaza kila mtu anapokimbia, nako kunahitaji daktari.

Tiba kuu ni kupunguza mzigo kabla ya kuurudisha: mbio zisimame au zipungue kwa wiki kadhaa, na baiskeli au kuogelea vichukue nafasi yake. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hutuliza uchungu. Kuinuka kwa ncha za vidole, mara nyingi kila siku, huimarisha shavu la mguu. Kuchua misuli kwa mafuta, desturi ya kambi za Kenya, hulegeza shavu hilo, ila mfupa wenyewe usikandwe. Anaporudi, mkimbiaji huanza kwenye udongo na tambarare, akabadilishana kutembea na kukimbia, na miteremko na lami huja mwisho. Wakimbiaji wa nchi hii huanza mbio za asubuhi kwa mwendo wa taratibu sana, wakiongeza kasi mwili unapopata moto. Mguu unaopona hurudishwa mazoezini kwa mpango huohuo, ila kwa wiki badala ya dakika.