Taya la Mtoto wa Mulago

Ndugu msomaji, umewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa meno? Mimi nimekaa. Ulikuwa mwaka mmoja baada ya kumaliza kidato cha nne. Gego langu la chini lilioza mpaka usaha ukashuka kwenye taya, shavu likaumuka kama andazi. Siku ya tatu mdomo ukagoma kufunguka. Uji nilikuwa naumimina kwa kijiko cha chai, nusu unaingia, nusu unaishia kwenye shati.

Hospitali yenyewe siitaji, haisaidii kitu. Nilifika saa moja asubuhi, nikaitwa saa saba mchana. Daktari akaniuliza, "Linauma tangu lini?" Kabla sijajibu akasema, "Fungua mdomo." Sasa jamani, utajibuje huku umeachama na chuma kipo juu ya ulimi? Akajijibu mwenyewe, akaandika. Baadaye nikapigwa ganzi, taya likapasuliwa kidogo, usaha ukatoka, nikajaziwa pamba. Nilirudi nyumbani bubu. Sikufa, lakini kile cheti hakikuwa na neno langu hata moja.

Lakini si mimi niliyenifanya niandike haya. Pale kwenye benchi, pembeni yangu, alikaa mama mmoja na mtoto wa kiume wa kama miaka sita. Walikuwa wametoka Kanda ya Ziwa. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba kuliko langu, ila yeye hakuwa analia. Mama akaniambia, "Mdogo wangu, walisema ni jino. Wameng'oa la kwanza, wakang'oa la pili. Bado linakua tu." Wakaitwa mlango mwingine, sikuwaona tena.

Pamba ilipotoka nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni kitu gani kinachokua hata baada ya jino kung'olewa. Njia ikanipeleka Kampala, mwaka 1957.

Mwaka huo katika Hospitali ya Mulago alikuwepo daktari mpasuaji mmoja kutoka Ireland ya Kaskazini, Denis Burkitt. Alikuwa na jicho moja tu zima, jingine lilipotea kwa ajali utotoni. Siku moja mwenzake, Hugh Trowell, akamwita wodini aangalie mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto amevimba mataya pande zote nne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Meno yanacheza. Ingekuwa jipu lingekaa upande mmoja. Ingekuwa saratani ya kawaida ya mfupa, nayo ingeanzia mahali pamoja. Burkitt akapiga picha, akabaki na swali lake.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kwenye hospitali ya wilaya. Akatupa jicho dirishani, akamwona mama amekaa kwenye majani na mtoto mwenye uso uliovimba. Akatoka nje kuwafuata. Taya la mtoto yule lilikuwa vilevile: pande nne. Mmoja ni ajabu, wawili ni habari. Akarudi Mulago kufukua mafaili, akakuta watoto wengine, na wengi wao walikuwa na uvimbe kwenye figo, ini na sehemu nyingine za tumbo. Mwaka 1958 akaandika makala kuhusu watoto 38.

Hapo ndipo vitabu vinaposema ugonjwa "uligunduliwa". Mimi neno hilo linanikwaza. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameshaacha kumbukumbu za wagonjwa wenye mataya ya namna hiyo miaka mingi kabla. Na kabla ya Cook, je? Kila mama aliyemwona mwanawe akilegea meno akiwa na miaka mitano, akaona jicho likisukumwa na uvimbe kutoka chini, alikuwa ameshaugundua. Ila yeye hakuwa na jarida la kuandikia.

Sasa tuje kwenye kisu, maana Burkitt alikuwa mtu wa kisu. Taya lenye uvimbe upande mmoja unaweza kulikata. Pande nne utakata nini, utaacha nini? Hata pale alipokata, uvimbe ulirudi, tena haraka, kwa sababu saratani hii ni katika zinazokua upesi kuliko zote. Kwa siku moja au mbili inaweza kuongezeka mara mbili. Mashine za kutibu kwa mionzi hazikuwepo Uganda. Mpasuaji akakubali kwamba ufundi wake umefika ukingoni, akageukia dawa, kama methotreksati na saiklofosfamidi. Kwa baadhi ya watoto, uvimbe uliokuwa umeziba jicho uliyeyuka kwa siku chache. Wapo waliopona kabisa, wakarudi kwao kula ugali kwa meno yao.

Mwaka 1961, tarehe 7 Oktoba, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliwasha gari kuukuu wakashuka nalo kusini. Wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, hospitali zaidi ya 50. Walipita Tanganyika katika majira yale yale nchi ilipokuwa inajiandaa kupandisha bendera yake. Kila walipofika walionyesha picha na kuuliza: mtoto kama huyu mmewahi kumwona? Majibu wakayachora kwenye ramani. Ugonjwa ulikaa penye joto na mvua, ukakimbia milima mirefu. Ilikuwa karibu sawa na ramani ya malaria.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na kati ya waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe kutoka Uganda vikaanza kupandishwa ndege. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaona kirusi ndani ya seli zile kwa darubini ya elektroni. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Leo tunajua kwamba kirusi hicho na malaria ya kurudiarudia hushirikiana kuzaa ugonjwa huu. Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha kuutibu, ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Basi, tuhesabu majina. Ugonjwa unaitwa limfoma ya Burkitt. Kirusi kinaitwa Epstein-Barr. Na mtoto? Kwa desturi ya madaktari mgonjwa anaandikwa umri na jinsia, ili kumlinda. Simlaumu mtu kwa hilo, wala simdharau Burkitt. Wangapi wangepita dirishani pale wasitoke nje? Ninachosema ni kwamba saratani ya watu wa dunia nzima ilianza kueleweka kutokana na nyama iliyokatwa kwenye midomo ya watoto wetu, nao midomo hiyo haikuulizwa ilikuwa inasikia nini.

Ninyi mnaoandika hadithi, mnaolalamika kijiweni kwamba visa vimekwisha, nendeni mkakae kwenye benchi. Mimi nina daftari la kurasa 96, na riwaya yangu inaanzia kwenye majani ya Jinja. Katika maelezo niliyosoma, daktari anaona, anatoka, anapiga picha. Mama yule hasemi kitu. Nimeshafuta ukurasa wa kwanza mara nne nikitafuta neno lake. Juzi nikalipata, kumbe nilishaambiwa siku ile shavu langu likiwa limevimba: "Bado linakua tu."

Nimeanzia hapo.