Fahamu Upimaji wa Kila Siku wa Hali ya Hewa Nyumbani Wakati wa Kiangazi: Wilaya za Tarime na Serengeti

Upimaji wa hali ya hewa ni kazi ya kusoma na kuandika, kwa saa ileile kila siku, kiasi cha mvua, joto la juu na la chini, hali ya mawingu na upepo mahali fulani. Kazi hiyo hufanywa na vituo vya Serikali, lakini inaweza pia kufanywa nyuma ya nyumba, shuleni au kwenye zahanati, mradi vifaa viwe sahihi na taratibu zifuatwe. Kwa wakulima na wafugaji wa Wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, takwimu hizo husaidia kuamua lini mbegu iingie ardhini na lini mifugo ihamishiwe malisho mengine.

Mkoa wa Mara ni miongoni mwa maeneo yanayopata misimu miwili ya mvua kwa mwaka: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kati ya misimu hiyo hupita kiangazi cha Januari na Februari. Ni kipindi cha joto na cha kuandaa mashamba, na ndicho kipindi ambacho mvua chache za ghafla humpotosha mkulima akadhani masika yameanza. Mbegu iliyopandwa kwa mvua ya siku moja huota, kisha hukauka, na kaya hulazimika kununua mbegu mara ya pili.

Kwa nini kila eneo lipimwe

Mvua ya ukanda huu hutofautiana sana kati ya eneo na eneo. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali milima ya Tarime hupanda zaidi ya mita 1,500. Mchana, ardhi inapopata joto, upepo unyevu kutoka ziwani huelekea nchi kavu, hukutana na upepo wa mashariki na kupanda milimani, na mawingu ya radi hujengeka alasiri. Mvua ya namna hiyo inaweza kunyesha kijiji kimoja na kukiacha kijiji jirani kikiwa kikavu. Upande wa Serengeti, mvua ya mwaka hupungua kadiri mtu anavyotoka kaskazini magharibi kuelekea nyanda za kusini mashariki mwa hifadhi, ambako ni takriban nusu ya ile ya kaskazini magharibi.

Satelaiti na rada huonyesha mawingu na kukadiria mvua kwa eneo kubwa. Makadirio hayo huhitaji kulinganishwa na kiasi kilichopimwa ardhini, ndiyo maana kipima mvua cha kijijini kina thamani hata katika zama hizi. Umuhimu huo unagusa pia Mto Mara, unaoanzia milima ya Mau nchini Kenya, kupita katika wilaya hizi na kuingia Ziwa Victoria. Mvua iliyonyesha mbali juu ya mto inaweza kuwafikia walio kwenye ardhi oevu bila wao kuona tone.

Namna ya kupima

Kipima mvua huwekwa mahali pa wazi, mdomo wake ukiwa umelala sawa, angalau sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka yasiingie. Umbali wake kutoka kwenye mti, mgomba au paa uwe angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho. Mgomba wa mita 4, kwa mfano, unahitaji nafasi ya mita 8 au zaidi.

Vipima joto huwekwa ndani ya kibanda cheupe chenye kuta zinazopitisha hewa, kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Kwa kuwa wilaya hizi ziko karibu na Ikweta, jua la mchana huwa upande wa kusini mwezi Desemba na upande wa kaskazini mwezi Juni. Kivuli cha ukuta wa nyumba hakitoshi, na ukuta wenyewe hutoa joto.

Usomaji hufanyika saa 3:00 asubuhi kila siku, na kiasi kinachopatikana ni cha saa 24 zilizotangulia. Mvua huandikwa kwa milimita. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba, hivyo mvua ya milimita 20 huweka takriban lita 80,000 katika shamba la ekari moja. Baada ya kusoma, chombo humwagwa na kurudishwa mahali pake.

Wakati wa kiangazi yapo mambo matatu ya kuzingatia zaidi. Kwanza, mvua ndogo huvukizwa haraka na joto, hivyo kuchelewa kusoma hupunguza kipimo. Pili, vumbi, majani na wadudu huziba mdomo wa chombo, nao husafishwa hata kama hakuna mvua. Tatu, siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, na siku ambayo chombo hakikusomwa huachwa wazi na kuelezwa sababu. Sifuri ni kipimo, ilhali nafasi tupu ni ukosefu wa kipimo. Anayechanganya mambo hayo mawili huharibu hesabu ya siku za ukame, ambayo ndiyo takwimu muhimu kuliko zote katika kipindi hicho.

Kusoma takwimu pamoja na utabiri

Katika utabiri wa msimu, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24 huhesabiwa kuwa mvua kubwa. Mwenye daftari la miaka kadhaa huweza kuona maana ya viwango hivyo katika shamba lake mwenyewe.

Hata hivyo, kupima si kutabiri. Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania Na. 2 ya mwaka 2019 imeipa TMA jukumu la kutoa, kuratibu na kudhibiti huduma za hali ya hewa nchini, na wamiliki wa vituo wanatakiwa kuvisajili kwa Mamlaka hiyo. Utabiri na tahadhari kwa umma hutolewa na TMA.

Wananchi wa Tarime na Serengeti wanashauriwa kufuatilia utabiri wa masika kabla ya kupanda, kuulinganisha na vipimo vya eneo lao kwa msaada wa maafisa ugani wa kata, na kutopanda kwa kutegemea mvua moja ya kiangazi, hata ikiwa kubwa.