Jembe na Kibali
Sisi wa Kaengesa tunapoulizana namna ya kumhudumia asiye na makao, tuyakumbuke makazi ya Mishamo, yaliyokuwa katika mkoa wetu wa Rukwa kabla ya Katavi kuzaliwa mwaka 2012. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walikabidhiwa pori, majembe, mbegu, na posho hadi wavune. TCRS, shirika lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964, lilisimamia. Kufikia 1985, makazi yalipokabidhiwa kwa serikali, watu walikuwa wakijilisha wenyewe. Lakini mkulima huyo (hili hatulisemi sana kanisani) alihitaji kibali ili atoke makazini. Wengi walipokea vyeti vya uraia kuanzia 2014. Waliobebwa mgongoni 1972 walikuwa na wajukuu.