MV Bukoba, MV Nyerere na abiria ambao hakuna aliyeandika majina yao

Migato iko mbali na maji. Ni kata ya Itilima, zamani ilihesabiwa Bariadi kabla mkoa wa Simiyu haujazaliwa mwaka 2012, na huko stori ni pamba, ng'ombe na mvua. Kijana wa Migato anaweza kufikisha miaka ishirini hajawahi kupanda hata mtumbwi, ingawa ukitoka Bariadi na lami ukashuka hadi Lamadi, Ziwa Victoria hilo hapo. Lakini muulize mtu mzima wa Kanda ya Ziwa kuhusu Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996. Atakuambia alikuwa wapi, nani alimletea habari, na nani mtaani kwao hakurudi nyumbani.

Siku hiyo asubuhi MV Bukoba ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba usiku, ikapita Kemondo kuongeza abiria na mizigo. Waliozaliwa juzi, wenye daraja la Kigongo–Busisi na mabasi ya mchana mmoja, wanaweza kujiuliza kwa nini watu walisongamana hivyo. Enzi hizo barabara ya Bukoba ilikuwa adhabu. Meli ndiyo ilikuwa usafiri wa wanafunzi, wafanyabiashara wa ndizi, mama mwenye mtoto mgonjwa, bwana harusi na kila mtu. Unapanda jioni, unalala, unaamkia Mwanza.

Meli ile ilitengenezwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. Soma tena hapo: madaraja mawili ya juu peke yake yalishapita kiwango cha meli nzima. Na daraja la tatu, la watu wa tiketi ya bei chee? Daraja la tatu halikuwa na orodha. Hakuna jina, hakuna hesabu. Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa kukisia. Hesabu inayotajwa sana ni 894, na wapo wanaosema ilifika 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, taifa likalia, lakini hakuna mtu aliyeweza kusema kwa uhakika taifa linamlilia nani na nani.

Sasa sikia sehemu inayoumiza kuliko zote. Meli haikuzama papo hapo. Ilipinduka ikabaki inaelea, tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu hai. Waliofika pale walisikia wakigonga bati kwa ndani. Waokoaji wakafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye huruma angekifikiria kwanza: wakatoboa tundu kwenye tumbo la meli ili wawatoe.

Kama hujui kilichofuata, jaribu nyumbani. Chukua chupa ya plastiki, kata kitako, acha kifuniko kimefungwa, halafu izamishe kwenye ndoo kifuniko kikiwa juu. Maji hayaingii mpaka juu kwa sababu kuna hewa imenaswa. Sasa fungua kifuniko. Fyuu! Hewa inatoka, maji yanapanda yanajaza. Ndicho kilichotokea kwa MV Bukoba. Hewa iliyokuwa inawaweka watu hai, hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inaishikilia meli isizame. Ilipopata tundu ikatoka, na meli ikaenda chini na waliokuwemo.

Ni rahisi leo kuwalaumu walioshika mashine ya kukatia. Lakini walikuwa na nini mkononi? Meli iliyopinduka huokolewa na wapiga mbizi wanaoingia kwa chini, kwenye milango ile ile iliyogeuka. Au bati linakatwa baada ya meli kufungwa maboya na kushikiliwa isishuke, na hata hapo chumba husika kinazibwa kwanza. Hayo yanataka watu waliofunzwa na vifaa vilivyo karibu. Gatini Mwanza asubuhi ile havikuwepo. Kulikuwa na huruma na mashine ya kukatia chuma.

Kwa nini meli inapinduka badala ya kuzama taratibu? Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya injini. Jahazi likiwa halina shehena, nahodha aliweka mawe au mchanga chini kabisa kwenye ngama, wakaita farumi. Kazi ya farumi ni moja: uzito ukae chini. Uzito ukipanda juu, chombo kinakuwa kama mtu aliyesimama juu ya ngoma, kitu kidogo tu kinamwangusha. Meli za chuma zina matenki ya maji kwa kazi hiyo hiyo, na kuyajaza na kuyapima ni kazi ya mabaharia kabla ya kung'oa nanga. Wajibu huo hauna kamera wala makofi. Abiria hamwoni anayeufanya, na asipoufanya, hamwoni pia.

Halafu kuna mistari ile iliyochorwa ubavuni mwa meli, duara lenye mstari katikati na herufi pembeni. Wengi wanadhani ni urembo. Ilianza Uingereza kwa kelele za mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, aliyechoka kuona matajiri wakijaza meli mbovu kupita kiasi, zikizama wanalipwa bima na mabaharia wanakufa. Sheria ikapita mwaka 1876: meli ichorwe mstari wa mwisho wa kubeba mzigo. Moja ya herufi zile, F, ni ya maji baridi, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hubeba chombo kwa nguvu kidogo, hivyo meli ile ile ikiingia ziwani inakaa chini zaidi kuliko baharini. Uzuri wa mstari ule ni kwamba hauhitaji elimu. Mbeba mizigo asiyejua kusoma anaweza kusimama gatini akaona kwamba mstari umeshameza maji.

Vijana wengi ukiwaambia usalama wa meli wanawaza jaketi la kujiokolea. Jaketi ni muhimu, tena sana, ukiwa nje kwenye maji. Ukiwa ndani ya chumba kilichopinduka, jaketi linakupandisha kwenye sakafu ambayo sasa imekuwa dari, na mlango uko chini yako. Mwaka huo huo wa 1996, mwezi Novemba, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilianguka baharini Comoro ikiwa na watu 175, na 125 wakafa. Baadhi yao walinusurika kishindo, lakini walikuwa wameshajaza jaketi upepo wakiwa bado ndani, na maji yalipoingia yakawabana juu. Vifaa bila mazoezi vinaweza kukugeuka. Ndiyo maana kwenye meli kubwa za kimataifa king'ora cha honi saba fupi na moja ndefu kinapigwa hata bahari ikiwa shwari, abiria wanalalamika wamekatishwa picha, na serahangi anawapanga foleni vile vile.

Baada ya MV Bukoba mengi yalibadilishwa kwenye karatasi. Meli za maziwa zikatolewa Shirika la Reli mwaka 1997 zikapewa kampuni yake. Ikaja SUMATRA, baadaye TASAC. Tuseme ukweli, si kwamba hakukufanyika kitu.

Ikafika Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere kinatoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Uwezo wake ni abiria 101 na tani 25 za mizigo. Kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati ya Bwisya, watu wakiwa wameshaanza kusogea wajiandae kushuka, kikapinduka. Waliookolewa ni 41. Waliokufa walipita 220. Jumlisha mwenyewe, halafu rudi uangalie ile 101.

Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba nahodha hakuwemo kwenye usukani, alimwachia mtu asiye na mafunzo. Bodi ya TEMESA ikavunjwa, watu wakakamatwa, maombolezo yakawa siku nne.

Katika msiba ule kulikuwa na watu wawili ambao habari zao zinastahili kusimuliwa pamoja.

Mmoja ni fundi wa kivuko. Kilipopinduka yeye alikuwa chini kwenye mitambo, akajikuta kwenye chumba chenye hewa iliyonaswa. Akakaa humo, gizani, kwa siku mbili. Tarehe 22 wapiga mbizi wakamfikia wakamtoa akiwa hai, wakati huku juu watu walikuwa wanahesabu maiti tu. Safari hii hakuna aliyewahi kutoboa tumbo la chombo. Waliingia kwa chini. Hewa ile ile, ziwa lile lile, tofauti ni miaka 22 na utaratibu wa kazi.

Wa pili ni mkatisha tiketi. Huyu hakupata bahati. Alikufa pamoja na abiria wake, na mashine yake ya tiketi ikapotelea majini. Hivyo maofisa walipoulizwa kivuko kilikuwa na watu wangapi, jibu lilikuwa chini ya ziwa. Mwaka 1996 daraja la tatu halikuandikwa kabisa. Mwaka 2018 kulikuwa na mashine ya kisasa, lakini kumbukumbu ikapanda kivuko na kuzama nacho. Ukiangalia kwa jicho la ndugu anayesubiri gatini, hizi ni hali mbili au moja?

Kanuni za kimataifa za usalama wa meli, zilizoanza kuandikwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama ikiwa na boti za kutosha nusu tu ya watu wake, leo zinataka abiria wote wahesabiwe kabla meli haijaondoka, na kumbukumbu hiyo ibaki nchi kavu. Ibaki nchi kavu. Ni maneno matatu tu, hayana gharama ya mtambo wala ya mzungu mtaalamu. Ila yana gharama nyingine ambayo haisemwi sana: ukishahesabu watu kwa kweli, huwezi tena kujifanya hujui umezidisha. Pengine hapo ndipo kalamu inapokuwa nzito.

Zanzibar walilipia somo hilo hilo. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Kiwango chake kilikuwa abiria 645. Mwanzoni ilidhaniwa ilikuwa na watu mia kadhaa, kisha uchunguzi rasmi ukataja 2,470. Watu walikuja kujulikana kwamba walipanda pale tu familia zao zilipokuja kuwaulizia. Na baadhi ya walionusurika walikuwa wameshikilia magodoro, bidhaa ya mtu tu iliyokuwa kwenye shehena.

Februari 2023 MV Mwanza iliingizwa majini, meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, kubwa kuliko zote zilizowahi kubeba abiria ziwani humo. Picha zake zinapendeza, na watu wana haki ya kujivunia. Ikijaa, hiyo ni orodha ya majina 1,200 ya kuandikwa na kuachwa gatini kila inapoondoka, likiwemo la kijana wa Migato anayeona ziwa kwa mara ya kwanza, aliyekata tiketi ya bei ya chini kabisa.

Igoma, pembeni ya barabara ya kutokea Mwanza kuelekea Musoma, kuna makaburi ya MV Bukoba. Basi la kwenda Lamadi na Bariadi linapita hapo. Kila tarehe 21 Mei watu hukusanyika, wanaomba, wanaweka maua. Wengine wanajua wamesimama mbele ya nani. Wengine wameweka maua hivyo hivyo miaka yote hii, bila kujua kama mtu wao yuko pale au bado yumo ndani ya meli.