Barabara ya Wapagazi: Mbio za Alfajiri kutoka Kigoma hadi Ujiji

Kutoka stesheni ya Kigoma hadi ufukwe wa Ujiji hazifiki kilomita kumi, nami huzikimbia Jumamosi kabla jua halijatoka. Huku magharibi jua huchelewa. Saa 12:30 asubuhi, wakati Dar es Salaam watu wamekwisha kuanza kutoka jasho kwenye foleni, sisi bado tuna ubaridi na kiza chepesi, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo haijaonekana. Wenzangu wa jogingi huipenda njia hii kwa sababu ina mlima mmoja wa kukupima na mteremko wa kukupa pumzi. Mimi ni mwalimu wa historia, tena mzaliwa wa Ujiji, na sijui barabara nyingine fupi hivi iliyobeba mambo mazito kiasi hiki.

Ukianzia mjini, mwanzo unakutana na mambo ya juzijuzi, na kadiri miguu inavyochoka ndivyo miaka inavyorudi nyuma.

Stesheni yenyewe ni ya Wadachi. Reli yao kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kilomita takriban 1,250, miezi michache kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kuanza. Waliiacha Ujiji, mji uliokuwa na jina tangu zamani, wakaileta reli Kigoma kwa sababu ya maji: ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo, ilhali ufukwe wa Ujiji ni mpana, maji yake ni ya kina kifupi, na mawimbi huupiga moja kwa moja. Hivyo ndivyo mji mdogo ulivyoumeza mkubwa.

Nyuma ya stesheni ndiko iliko bandari, na bandari hiyo ndiyo iliyoiunda meli ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja kuunganishwa upya hapa ikiitwa Graf von Götzen. Iliingia majini Februari 1915. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wadachi waliipaka injini grisi na kuizamisha wenyewe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina lake la sasa. Wabelgiji nao hawakutoka bure: mwaka 1921 walipewa eneo lao la bandari hapa Kigoma na jingine Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja, ili mizigo ya Kongo ipite bila kero. Babu yangu alikuwa kuli kwenye gati hilo. Alituachia bega moja lililoshuka kuliko jingine, na tabia ya kuamka mapema.

Kutoka stesheni unapanda barabara ya Lumumba, chini ya miembe mikubwa, mpaka Mwanga. Hapo ndipo pumzi hukata. Hapo pia ndipo wengi hugeuza, kwa hoja kwamba mlima umekwisha kazi yake. Wengine hawapandi kabisa. Hufuata reli upande wa kaskazini hadi Kibirizi, zinakoegeshwa boti za kwenda Gombe na vijijini. Njia ya Kibirizi ni tambarare, inafaa kwa anayeanza, na ukiwahi unawakuta akina mama wakianika dagaa waliovuliwa usiku kwa taa. Katika mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri, ufukwe hupoa, na mkimbiaji huwa peke yake. Katonga, upande wa pili wa ghuba, ni hivyohivyo, ila njia ya huko ina vilima vinavyopanda na kushuka kama mgongo wa kenge.

Sisi tuliosoma shule za msingi enzi za Mwalimu tulizijua mbio kabla ya kujua viatu vya mbio. Mchakamchaka ulikuwa kila asubuhi: mstari mrefu wa watoto, wengi peku, mmoja mbele akiimba na sisi nyuma tukiitikia, vumbi likipanda mpaka kwenye meno. Nilipoanza kusoma habari za misafara ya karne ya 19, nilishtuka kukuta mpangilio uleule. Mbele alikuwa kirangozi, akianzisha wimbo. Nyuma yake safu ya watu mmojammoja, wakiitikia ili mzigo uwe mwepesi. Sisemi mmoja amemzaa mwingine. Nasema tu kwamba katika nchi hii kutembea na kukimbia kwa wimbo ni jambo la kale sana.

Ukivuka Mwanga na kuanza kuteremkia Ujiji, unaingia katika karne hiyo.

Ujiji ulikuwa mwisho wa barabara ya nchi kavu kutoka Bagamoyo na mwanzo wa barabara ya majini ya kwenda Manyema. Chumvi, mawese, vitambaa, shanga, pembe za ndovu na binadamu vyote vilipita hapa. Katika miaka ya 1870 mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani hapa alikuwa Mwinyi Heri, na nchi ilikuwa ya Waha. Miembe iliyosimama huku, wazee husema imeota kutokana na kokwa walizotupa watu wa misafara. Wengine husema ilipandwa kwa makusudi ili msafiri apate kivuli. Vyovyote iwavyo, wenyeji wa Ujiji hawaitazami miembe hiyo kama miti ya matunda tu.

Waliopita chini yake walikuwa wa aina mbili, na ni wajibu wetu kuwatofautisha. Walikuwapo mateka kutoka ng'ambo ya ziwa, wakiwa na kongwa shingoni, wasiojua wanakopelekwa. Na walikuwapo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliojiajiri kwa ujira na posho ya vitambaa na shanga. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, pamoja na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Alikuwa fundi wa kazi yake. Alijua maji yako wapi na mfalme yupi anadai hongo. Posho ikicheleweshwa, mzigo ulitua chini, na tajiri hakuwa na la kufanya ila kufungua robota. Burton na Speke, waliotoka pwani katikati ya 1857, walifika Ujiji Februari 1858 kwa migongo ya watu hao.

Mimi huwakumbuka hasa ninapopita Mtaa wa Livingstone kuelekea kwenye ukumbusho. Mahali hapo panajulikana duniani kote: mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone, mzee mgonjwa aliyerudi kutoka Manyema na kukuta bidhaa zake zimekwisha kuuzwa. Majina ya wawili hao yamo kwenye bamba. Lakini msafara wa Stanley uliotoka Bagamoyo ulikuwa na watu karibu 190, na Wazungu walikuwa watatu tu, ambao wawili kati yao walifia njiani. Wa kwanza kumlaki Stanley mjini walikuwa Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, ndio haohao ambao baada ya kifo cha bwana wao mwaka 1873 waliongoza kazi ya kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo.

Na yuko mmoja anayenichoma moyo kuliko wote: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa India, akarudi Afrika akiwa huru. Alifika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke. Akafika tena 1871, akiwa nahodha wa msafara wa Stanley. Akafika mara ya tatu mwaka 1874 akiwa na Cameron, na safari hiyo hakuishia ziwani. Alivuka bara zima hadi bahari ya magharibi. Kwa miguu. Wanafunzi wangu wanaweza kukutajia Stanley alisema nini alipomwona Livingstone, maana hilo huulizwa kwenye mitihani. Bombay hawamjui. Mtu aliyefika katika mji wao mara tatu kwa miguu kutoka pwani, katika nchi inayosifia wanariadha, angepaswa kuwa na mtaa wake.

Kutoka kwenye ukumbusho hadi kwenye maji bado kuna mbio, na mgeni hushangaa, kwa kuwa amesoma kwamba Ujiji wa Livingstone ulikuwa ufukweni. Ulikuwa hivyo kweli. Ziwa ndilo lililoondoka. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliikuta michikichi mitatu, ambayo mwaka 1871 ilisimama sokoni, sasa imo majini. Wakati huo mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani kwenda Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na mimea. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika. Edward Hore, mmisionari aliyeishi Ujiji, aliyakuta maji yakitoka kwa nguvu mwaka 1879. Ziwa likashuka karibu mita kumi katika miaka kama kumi na mitano, na ufukwe ukaikimbia Ujiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zililipandisha tena. Miaka ya 2020 na 2021 likapanda mara nyingine, Bujumbura ikafurika, na huku kwetu sehemu za njia nilizozikimbia nikiwa kijana ziko chini ya maji. Sasa tunapita juu zaidi, kati ya nyumba.

Kwa hiyo eneo kati ya ukumbusho na maji ya leo, ambapo leo pana viwanja, mashamba madogo na mitumbwi inayokarabatiwa, lilikuwa ziwa wakati Bombay anafika. Huwa napunguza mwendo hapo.

Nina ombi kwa vikundi vya jogingi vya Kigoma. Msigeuzie Mwanga. Teremkeni mpaka Ujiji, walau Jumamosi moja kwa mwezi, na mkifika msipande bajaji kurudi kabla hamjaketi kidogo barazani na wazee, mkawaamkia na kuwauliza babu zao walifikaje hapa na walikuwa wamebeba nini. Waliosikia habari hizo kwa waliokuwapo wamekwisha kufa, na waliobaki walisikia kwa waliosikia. Na kwa wanaopanga majina ya mitaa katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji: barabara ya kutoka Mwanga hadi ufukweni iitwe Barabara ya Wapagazi.