Frasila Mbili Begani

Siku hizi ukifika Bagamoyo, Pangani au Kilwa utawakuta vijana wa Kizungu wenye shanta mgongoni na ndala miguuni, wanaulizia gesti ya bei poa na mahali penye wali maharage. Wanabanana nasi kwenye daladala, wanalala chumba cha feni, wanahesabu shilingi moja moja. Wengine wanaamini wamegundua namna mpya ya kusafiri: kuuona mwambao kwa pesa kiduchu, mali yako yote ikiwa mgongoni. Sina ugomvi nao. Ila mimi ni mtu wa Bariadi, na huku kwetu safari ya kwenda pwani kwa gharama ndogo, mzigo ukiwa mwilini, ina zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Tena bila daladala.

Nazungumzia wapagazi. Ndugu msomaji, usifunue ukurasa mwingine kwanza. Najua shuleni tuliwakuta kwenye mstari mmoja tu wa daftari: biashara ya masafa marefu, wahusika Wanyamwezi, bidhaa pembe za ndovu, watumwa, nguo na shanga. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili, mtihani unapita, basi. Mstari ule hausemi huyo Mnyamwezi alilala wapi, alikula nini, wala kama siku ya kwanza kuiona bahari alicheka au alinyamaza. Na sisi Wasukuma hata kwenye mstari huo hatumo.

Sababu ya kutokuwemo ni jina. Sukuma kwa lugha za huku ni kaskazini. Wasukuma ni "watu wa kaskazini", jina tulilopewa na ndugu zetu wa upande wa Tabora. Tulipofika pwani, watu wa pwani hawakuwa na muda wa kuchambua nani wa kaskazini na nani wa kusini. Kila aliyeteremka kutoka huko bara akiwa na mzigo begani aliitwa Mnyamwezi. Msukuma akaingia kwenye vitabu vya wageni kwa jina la jirani yake, akapotelea humo humo.

Tuanze na mzigo wenyewe. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Asiyeelewa na abebe ndoo moja na nusu ya maji kutoka kisimani, asiitue mpaka jua liwe utosini, na kesho afanye hivyo hivyo. Juu ya huo mpagazi aliongeza vyake: mkeka wa kulalia, chungu, unga kidogo, silaha. Mtu wa pwani alipenda kubeba kichwani, mtu wa bara alibeba begani, kiasi kwamba bega lilifanya sugu. Pembe kubwa ya ndovu walipewa wenye nguvu zaidi, nao waliifunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha, ikawa inalia njia nzima. Mbele alitembea kirangozi na bendera. Yeye ndiye aliyejua njia, maji yaliko na mtemi gani wa kusalimiwa.

Na gharama? Hapa ndipo historia inaponichekesha, maana maneno yote ya safari ile bado tunayo mdomoni. Posho ilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, kibaba kimoja cha nafaka hivi, au kipande cha nguo au shanga za kununulia chakula hicho kijijini. Leo watu wanagombania posho wakiwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka, hawajabeba hata bahasha. Merikani ilikuwa pamba nyeupe iliyofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa meli. Kaniki, ile nguo nyeusi, ilitoka Uhindi. Pesa ya safari ilikuwa ndiyo hiyo: doti za nguo.

Halafu hongo. Neno hili leo linanuka, lakini enzi zile lilikuwa ushuru wa kupita, uliolipwa mchana kweupe. Ugogo ndiko lilikokuwa maarufu kuliko kote. Nchi kame, msafara una mamia ya watu wenye kiu, na watemi wa Ugogo ndio wenye visima. Ulikaa hapo siku mbili, tatu, mkapatana doti ngapi, ndipo mkanywa na kupita. Wazungu walilalamika mno kwenye vitabu vyao, eti wanaporwa. Mimi naona Mgogo yule alikuwa anauza maji yake kama mtu yeyote mwenye kisima. Baada ya Ugogo, ukielekea Tabora, ulikuwepo Mgunda Mkali, pori refu lisilo na watu upande wa Manyoni ya leo, ambako hata mwenye nguo nyingi hakuwa na wa kumlipa, wala hapakuwa na maji ya kununua.

Mtu atauliza: huyu Msukuma alikuwa anatafuta nini? Nguo, jibu la kwanza. Mtu aliyerudi na doti kadhaa za merikani alikuwa amerudi na mali, na nguo ilibadilishwa kwa ng'ombe. Lakini jibu hilo halinitoshi. Wageni waliopita huku waliandika kwamba kijana wa Unyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto, na hata kuoa ilikuwa taabu. Huenda wametia chumvi. Hata hivyo wazo lenyewe mtu wa huku analielewa mara moja. Watu wa Usukuma hawakuanza kutembea kwa ajili ya pembe za Mwarabu. Walikuwa na misafara yao ya kwenda kuchukua chumvi ziwa Eyasi, ng'ambo ya Meatu, kwa miguu, kupitia nchi ya simba. Kijana aliyekwisha kwenda Eyasi na kurudi, pwani kwake ilikuwa ni Eyasi iliyo mbali zaidi.

Kuhusu malazi, wale walikuwa na utaalamu ambao kijana wa shanta wa leo hana. Walikuwa na utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani mpaka leo, na watu wa misibani Dar es Salaam wanalijua hilo vizuri, maana mtani anaweza kukaa juu ya jeneza na kudai alipwe kwanza. Wanaochunguza mila wanasema utani wa makabila yaliyo kando ya njia kuu ulikuzwa sana na misafara. Fikiria faida yake. Umefika kijiji cha watu msiojuana lugha, una njaa, mwenzako anaumwa homa. Ukiwa mgeni tu, utafukuzwa. Ukiwa mtani, unaingia jikoni, unajichotea, mwenye nyumba anakutukana, wewe unamtukana, mnacheka, umeshiba. Hiyo ndiyo gesti ya bei poa.

Sasa nije kwenye mto wetu. Tarehe 17 Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na watu zaidi ya mia tatu. Tarehe 27 Februari 1875 walifika Kageye, ukingoni mwa ziwa Nyanza, baada ya kukatisha Usukuma. Siku mia moja na tatu! Na hawakubeba nguo na shanga tu. Walibeba mashua. Ile mashua ya Stanley, Lady Alice, iliundwa kwa vipande huko Uingereza kwa ajili ya mabega ya watu, ikapita Ugogo, ikapita vita vya Ituru ambako wengi waliuawa, ikashushwa Usukuma na kuungwa tena. Machi 8 Stanley akapanda na kulizunguka ziwa zima kwa siku 57. Mto Simiyu akauandika "Shimeeyu", akaamini kwamba ndio mwanzo wa kusini kabisa wa maji ya Nile. Baadaye wajuzi waliufuata mto Kagera hadi Rwanda na Burundi na kukuta vyanzo vya mbali zaidi, kwa hiyo heshima ile ikatuponyoka. Jina la mto tumebaki nalo, na tangu 2012 ni jina la mkoa wetu.

Kitabu cha safari hiyo kimejaa Stanley kila ukurasa. Stanley anafikiri, Stanley anaumwa, Stanley anaamua. Wenye mashua begani wanatajwa wanapokufa au wanapotoroka. Kutoroka! Neno hilo nalo linanitia mashaka. Mtu ameona posho imepunguzwa nusu, wenzake wanazikwa njiani, mbele kuna vita ambavyo havimhusu, akaweka mzigo chini na kurudi kwao. Leo tungesema ameacha kazi.

Nisije nikaonekana nasifia tu. Njia ile ile ya wenye kengele kwenye pembe ilikuwa njia ya waliofungwa minyororo. Biashara ya watumwa baharini ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873 na soko likafungwa, lakini huku bara watu waliendelea kukamatwa na kuuzwa kwa miaka mingi. Mpagazi huru aliyelipwa kwa doti na mtumwa asiyelipwa kitu walitembea kwenye vumbi moja, mara nyingine msafara mmoja. Ndui ilisafiri nao vile vile. Aliyeanguka kwa ndui mara nyingi aliachwa pale alipoangukia, kwa kuwa msafara wenye mamia ya midomo haukuweza kusubiri. Mwandishi wa riwaya atakayeandika njia hii bila watu hao wawili, wa mnyororo na wa ndui, atakuwa ameandika tangazo la utalii.

Na nikitaja riwaya, ipo moja ninayoipenda. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa Paradise mwaka 1994, akapata tuzo ya Nobel 2021, na mwaka 2022 kitabu hicho kikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, mfasiri Ida Hadjivayanis. Humo msafara unaingia bara, na bara inatazamwa kwa macho ya kijana wa upande wa pwani: giza, pori, watemi wenye vitisho. Nimekisoma mara mbili. Kila mara nilikuwa najiuliza wale wanaotokea huku wakielekea kule waliionaje pwani. Bila shaka nayo ilikuwa na vitisho vyake. Bagamoyo wakati wa msimu ilijaa makumi ya maelfu ya watu wa bara, wamejenga vibanda vya nyasi pembeni mwa mji, wanasubiri mizigo ya kurudi nayo, wanadanganywa bei na wenye maduka, wanaitwa washenzi na watu ambao chakula chao kinategemea mabega hayo hayo. Tajiri aliyejulikana sana kwa kuwapatia wageni wapagazi alikuwa Mhindi, Sewa Haji, aliyefariki 1897 baada ya kutoa mali nyingi kwa hospitali na shule. Jengo la Sewahaji pale Muhimbili linabeba jina lake. Jengo lenye jina la mpagazi sijaliona.

Reli ndiyo iliyoiua kazi hii. Ya Uganda ilifika Kisumu 1901, mizigo ya ziwani ikageukia Mombasa. Reli ya kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likafika 1928. Katikati yake ikaja vita ya 1914 hadi 1918, na ghafla mabega yakatakiwa tena, safari hii kwa nguvu. Wabebaji wa jeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Waingereza walikiita kikosi chao Carrier Corps. Waswahili wa Dar es Salaam wakalitamka wanavyoweza, na mahali walipopiga kambi pakawa Kariakoo.

Pwani yenyewe haikuacha kutuita. Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyopona, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba ya Tanga na Pangani yaliyokula nguvu za vijana wa bara kwa miongo mingi. Waliitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa wakati wa kuandikishwa. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wao, miaka ya hamsini. Alikwenda kwa lori na treni, akakata mkonge msimu mmoja na nusu, akarudi Bariadi na baiskeli, blanketi na matusi ya Kidigo. Nikiwa mdogo nilimuuliza:

"Guku, ulipoiona bahari uliogopa?"

"Niogope nini? Niliionja."

"Uliionja?"

"Mjukuu wangu, wazee wetu walitembea mpaka Eyasi kwa ajili ya chumvi. Mimi nakuta chumvi imejaa mpaka mwisho wa macho, hakuna anayeilinda, hakuna hongo. Nilikaa chini nikacheka. Wenzangu wakadhani nina malaria."

Siku hizi mabasi ya Dar yanaondoka Bariadi alfajiri, na kila baada ya mavuno ya pamba yanajaa vijana wa rika langu. Wana begi moja, nauli waliyochangiwa, na namba ya simu ya mtu wa kwao anayekaa Mbagala au Buguruni. Wengi wanakwenda moja kwa moja Kariakoo, ambako kazi ya kwanza anayopata mgeni ni kubeba marobota ya nguo kutoka kwenye lori hadi dukani, na malipo ni kwa mzigo.